Doa Kwenye Ini la Mama wa Griftu

Mimi ni mtu wa pupa, na sijawahi kuficha. Picha nzuri ikitokea kwenye skrini siwezi kukaa. Nasukuma kiti nyuma na kusimama, mikono kiunoni, kama mtu anayetazama mpira wakati timu yake imefika langoni. Mwenzangu wa kazi, radiografa mwendesha mashine kutoka Meru, ambaye sijawahi kumwona akiharakisha jambo lolote, amezoea kusogeza kikombe chake cha chai kabla sijasimama. Anasema siku moja nitaivunja kompyuta ya serikali kwa furaha, na yeye ndiye atakayeitwa shahidi.

Kazi yangu ni kusoma picha za ndani ya miili ya watu, katika hospitali moja hapa Garissa. Mji huu ndio ulionizaa: mama mtu wa Lamu, baba Msomali wa hapa hapa, na mimi nikakulia katikati, nikigombezwa kwa lugha mbili. Na kati ya vyote vilivyomo ndani ya binadamu, ninachokipenda zaidi ni ini. Wenzangu hucheka nikisema hivyo. Moyo una mashabiki wake na ubongo una wake, lakini ini nani analisifia, isipokuwa likiwa kwenye sahani pamoja na kitunguu asubuhi?

Nalisifia mimi. Ini hunywa damu kwa njia mbili. Kuna mshipa unaoleta damu moja kwa moja kutoka moyoni, na kuna mshipa mwingine mnene unaoleta damu iliyokwisha kupita kwenye utumbo. Tukimlaza mtu ndani ya mashine ya MRI na kumtia dawa ya kung'arisha kwenye mshipa wa mkono, dawa hiyo hufika kwenye ini mara ya kwanza kwa ile njia ya moyoni, kisha kwa njia ya pili, halafu huanza kutoka taratibu. Tunapiga picha katika kila hatua. Uvimbe ukiwepo, tunautazama unavyoipokea dawa. Unaoipokea kwa pupa mwanzoni, kisha ukafifia kabla ya ini lenyewe, huo ndio unaotutisha. Saratani ya ini ina tabia hiyo. Kuna vimbe nyingine zina tabia tofauti kabisa, na raha yote ya kazi yangu ni kuzijua kwa mwendo wao.

Mama ninayetaka kumsimulia aliletwa na wanawe wawili kutoka Griftu, kule Wajir Magharibi. Alikuwa muuza maziwa ya ngamia, mwembamba, mrefu, hina imekolea kwenye kucha zake. Kipimo cha ultrasound alichofanyiwa huko kilionyesha uvimbe kwenye ini, ukubwa wa ndimu, na kipimo cha damu kikasema ana homa ya ini aina ya B. Mambo hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja, daktari yeyote hukunja uso. Mimi niliukunja pia.

Kabla sijamwona yeye, wanawe walinivuta pembeni ya varanda. Aliyezungumza ni mkubwa, mfanyabiashara wa mifugo, shali begani na ndevu zilizopakwa hina.

"Abaayo, daktari," akasema, akiniita dada. "Mama hajui. Sisi tumeambia yeye ni gesi ya tumbo. Kama bicha inaonyesha ile kitu, usiambie yeye. Ambia sisi."

"Na akiniuliza?"

"Sema ni gesi."

Mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, alitikisa kichwa kukubali huku anaangalia viatu vyake. Si jambo geni kwetu. Mgonjwa hufichwa neno lile kwa mapenzi. Jamaa wote hulibeba wao ili lisimlemee mwenyewe, na jina lake halitamkwi. Huitwa "ile kitu" mpaka mwisho. Nimeona familia zikiifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Nikasema sawa, kwa ule wepesi wangu wa kusema sawa ninapotaka kuwahi kwenye mashine.

Ndani, nilimkuta amekaa kwenye kiti akichomoa pini za mtandio wake moja moja, maana mashine ile ni sumaku kubwa na haitaki chuma karibu. Nilimsaidia. Tulipofunua ubavu wake wa kulia nikaona alama za zamani za kuchomwa, duara ndogo zilizopangwa chini ya mbavu. Nilizijua. Kwetu mtoto akigeuka macho manjano, wazee husema ni cagaarshow, na humchoma hapo kwa kijiti chenye moto ili ugonjwa utoke. Kwa maana hiyo ini lake lilikuwa limeugua tangu utotoni, na ile homa ilikuwa imekaa naye miaka yote hiyo.

Akaniuliza kwa Kisomali, bila kuinua sauti, "Hooyo, ukiona kitu humo, utaniambia?"

Kwa umri angeweza kuwa mama yangu, ndiyo maana aliniita hooyo, yaani mama, jinsi mama zetu wanavyowaita watoto wao kwa jina lao wenyewe. Nami nilimwita eeddo, shangazi. Lakini jibu nililompa halikuwa la mtoto kwa shangazi yake. Nilisema, "Tutaona, eeddo. Inshallah kheri."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa mkoba wake, mkoba wa kitambaa uliofungwa kamba. "Huu kaa nao wewe. Usimpe mtu, hata wanangu."

Chumba cha mashine ndicho mahali penye baridi kuliko pote Garissa. Nje jua linachoma hata mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta, na humo ndani mtu anatetemeka. Tukamfunika blanketi, tukamweleza: utasikia makelele, utasikia dawa baridi ikipanda mkononi, na kila tukikwambia uzuie pumzi, zuia, usitikisike, usizungumze. Ini linapanda na kushuka na pumzi, na likitikisika picha inaharibika. Akasema amesikia. Kitanda kikaingia ndani ya lile tundu, akatoweka mpaka magotini.

Maelekezo ya pumzi huyatoa mimi mwenyewe kwa kipaza sauti. Zamani radiografa wangu alikuwa akiyatoa, maana alijifunza yale maneno ya Kisomali kwa bidii, lakini kwa lafudhi yake ya Meru wagonjwa walikuwa wakicheka, na kicheko nacho kinatikisa ini. Basi yeye akabaki na vitufe na mimi nikabaki na maneno. Nilikaa, mkoba wa mama umelala mapajani mwangu.

Picha za mwanzo, kabla ya dawa, zilitoka vizuri. Kingo za ini zilikuwa laini, bila makunyanzi yale ya ini lililochoka. Na upande wa kulia, doa. Kwenye aina ya picha inayoonyesha majimaji, doa lile lilikuwa jeupe sana, jeupe kabisa, na mipaka yake imekatwa safi. Nikasogea mbele. Saratani kwa kawaida haiwi nyeupe kiasi hicho.

"Umeona?" nikamwambia mwenzangu.

"Nimeona," akasema, akasogeza kikombe.

"Tia dawa."

Dawa ikaingia. Hatua ya kwanza ndiyo inayosubiriwa na kila mtu, ile ya damu ya moyoni, na hupita upesi sana. Ukiikosa umeikosa, dawa haingoji. Nikamwambia azuie pumzi. Mashine ikaanza kugonga. Na kwenye spika, katikati ya yale makelele ya kugonga, tukasikia sauti ndogo, tulivu, isiyokatika.

Mwenzangu akainua kichwa. "Anaongea."

Hakuwa akiongea. Alikuwa akisoma Yasini, sura anayosomewa mtu anayekata roho.

Picha ikatokea kwenye skrini na ini likiwa limepakazwa, mbavu zimejirudia mara mbili mbili, na lile doa limegeuka ukungu. Hatua ya kwanza ilikuwa imekwenda zake. Nilipiga meza kwa kiganja. Nilimkasirikia mama, kisha papo hapo nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilielewa. Nilikuwa nimemkataza kuzungumza. Sikumkataza kusoma. Na kwetu, nani atakayesema kusoma ni kuzungumza? Mtu aliyelazwa chali, amefunikwa, ameingizwa ndani ya tundu jembamba lenye kuta pande zote, kisha akasikia baridi ikipanda mkononi kuelekea moyoni, unadhani atafikiria nini? Radiografa wa Meru na mashine ya kutoka ng'ambo wasingejua, lakini mimi nilipaswa kujua.

Nikavuta kipaza sauti. "Eeddo, unasoma?"

"Nasoma, hooyo."

"Soma kwa moyo. Ukisoma kwa ulimi, mbavu zinatikisika."

"Na nikifa humu?"

"Ukifa na aya iko moyoni, imesikika."

Akafikiri. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekubali bei lakini hajaridhika.

Hatua ya pili ikapigwa, na ilitoka safi. Ini lote lilikuwa limeng'aa, na ndani yake lile doa bado lilikuwa na giza katikati. Lakini pembeni, kuzunguka ukingo, kulikuwa na vifundo vidogo vyenye mwanga, hapa kimoja, pale kimoja, havijaungana. Na mwanga wake ulikuwa sawasawa na wa mishipa mikubwa ya damu iliyopita jirani.

Sasa kila kitu kilikuwa kimebaki kwenye picha za mwisho. Kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B, na hatua ya kwanza imeharibika, sikuwa na ruhusa ya kubahatisha. Dawa ikianza kutoka kwenye lile doa na kuliacha jeusi ndani ya ini linalong'aa, basi wale vijana kwenye varanda walikuwa na haki ya kunong'ona. Ikiendelea kuingia, mambo mengine. Ilibidi kungoja, na mimi kungoja sijui. Nilizunguka meza. Nilirudi. Nilikaa, nikauinua mkoba wa mama na kuushusha tena. Ulikuwa mwepesi, na ndani kitu laini kilichochakarika kama karatasi ya nailoni. Mwenzangu alikunywa chai yake yote kwa usalama.

"Eeddo, zuia pumzi."

Hakuna sauti. Mashine ikagonga, ikanyamaza.

Picha ikafunguka kutoka juu kwenda chini, ukanda kwa ukanda, na lilipofika doa nilikuwa nimeshasimama. Vile vifundo vya pembeni vilikuwa vimekua na kuelekea ndani. Tukapiga nyingine baadaye kidogo. Vimekutana. Doa lilikuwa likijaa mwanga kutoka ukingoni kuelekea katikati, polepole, bila kurudi nyuma, jinsi mkate wa anjera unavyolowa chai kwenye sahani. Ini lilikuwa limeanza kufifia, na doa lilikuwa bado linang'aa, mwanga ule ule wa damu.

"Hemanjioma," nikasema. Kisha nikasema tena kwa nguvu zaidi, maana mara ya kwanza haikunitosha.

Hemanjioma ni fundo la mishipa midogo ya damu. Wengi wanayo na hawajui, wanazeeka nayo na kuzikwa nayo, na haiwafanyi lolote. Kiti changu kilikuwa kimegonga ukuta. Nilirudia picha zote kutoka mwanzo, kwa makini, kwa sababu furaha ni mshauri hatari kwa mtu wa kazi hii. Weupe wa picha za majimaji. Vifundo vya ukingoni. Kujaa kwa ndani. Mwanga unaofanana na wa mishipa katika kila hatua tuliyoipata. Nilitafuta doa jingine ini zima, sikuliona. Mwenzangu aliniuliza kama nina hakika, nikamwonyesha, na yule mtu wa Meru asiyeharakisha akatabasamu mpaka masikioni.

Nilitoka mbio kwenda varandani, mkoba ukiwa begani, na nikawaambia wale vijana bila salamu. "Si ile kitu. Ni fundo la mishipa tu. Atakuja kila baada ya miezi kadhaa tumwangalie ini kwa ajili ya homa ile, lakini huu uvimbe si saratani."

Mkubwa alijifunika uso kwa shali na kukaa chini sakafuni, pale pale watu wanapopita. Mwalimu alisema alhamdulillah mara nyingi sana, kila mara kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia. Mimi nilitaka kurudi ndani nimwambie mama. Nilikuwa nimeshageuka.

"Ngoja," akasema mkubwa kutoka sakafuni. "Utaambia yeye nini?"

"Kwamba hana saratani."

"Lakini yeye hajui kama alikuwa nayo."

Nikasimama. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mtu ambaye hakupewa habari mbaya, unampaje habari njema? Ukimwambia si saratani, umemwambia kwamba wanawe walidhani ni saratani na walimdanganya njia nzima kutoka Griftu. Tulibishana pale varandani, watatu sisi, tukiwa na furaha ya kutosha mji mzima na hatuna pa kuiweka.

"Sema gesi imebona," akashauri mkubwa.

"Siwezi kumsomea mtu gesi kwenye MRI," nikasema. "Twendeni wote."

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, blanketi mabegani, anazirudisha pini zake kwenye mtandio. Kitu cha kwanza alichoomba ni mkoba. Nikampa. Nilianza kwa mzunguko, nikisema ini lake ni zuri, kingo zake laini, kuna fundo dogo la mishipa ambalo halina neno, na nikawa naendelea kuzunguka hivyo mpaka akanikata.

"Kwa hiyo si kansa?"

Alilitamka wazi, kama anavyotaja sukari. Wanawe waliganda.

"Si kansa, eeddo."

Alifumba macho. Midomo yake ikatikisika, na safari hii sikumkataza. Alipoyafumbua alikuwa na machozi, na alikuwa akicheka, na akafungua kamba ya mkoba. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, bado kiko kwenye nailoni ya dukani, pamoja na kafuri na kichupa cha manukato. Sanda yake. Alikuwa ameinunua Griftu mwenyewe, akaibeba mpaka Garissa, ili wanawe wasihangaike kutafuta maduka katika mji wasiouzoea.

"Mnanong'ona kwenye simu nyuma ya nyumba," akawaambia. "Mimi nasikia ngamia akiamka. Sitawasikia nyinyi?"

"Mama, mbona hukusema?" mwalimu akauliza.

"Mlikuwa mnajitahidi sana. Sikutaka kuwaharibia."

Mkubwa alipiga magoti akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, pale pale juu ya sanda, na mama akamshika kichwa. Sijawahi kuona chumba chetu kile cha baridi kikiwa na joto namna ile. Baadaye mwalimu, akijipangusa, akasema watairudisha nguo ile dukani. Mama akaishikilia.

"Hairudishwi. Nitaihitaji tu. Sasa itangoja." Akaikunja, akaisukuma chini kabisa ya mkoba. "Leo nitaweka sukari juu yake. Garissa sukari ni nzuri."

Nilicheka na wao, nikiwa mwepesi kabisa, nikijisifu kimoyomoyo kwa kazi nzuri. Ndipo akanigeukia.

"Na ingekuwa ndiyo," akasema, "ungeniambia?"

Wanawe walinitazama. Alikuwa ameniuliza mapema, nikamjibu inshallah kheri. Ningefanya nini? Nilikuwa nimewaambia vijana sawa. Kitu pekee alichokitaka kutoka kwenye mashine ile ya bei kubwa ni kujua mapema, ili kama ni kufa arudi kufia kwao, sanda ile isifunguliwe Garissa, na mimi nilikuwa nimekubali kumnyima kwa neno moja la haraka kwenye varanda.

"Sijui, eeddo," nikasema.

Hakukasirika. Alisimama, akatengeneza mtandio, akaning'iniza mkoba begani. "Basi ujue kabla sijarudi."

Alirudi, baada ya miezi ile tuliyomwambia, amenenepa kidogo. Kwa wagonjwa wa namna hiyo mara nyingi ultrasound inatosha, lakini mimi niliiomba MRI tena, kwa sababu ile hatua ya kwanza iliyopotea ilikuwa bado inaniwasha. Wanawe walikuwa naye, na mkubwa akaanza kuja upande wangu kwenye varanda, kwa mazoea. Nikampita. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti mbele ya mama kabla hajatoa hata pini moja.

"Nitakuambia wewe kwanza," nikasema. "Chochote kitakachokuwepo. Kabla ya wao."

"Hata ile kitu?"

"Hata hiyo."

Akanipa mkoba wake nimshikie. Alilala, akaingia ndani ya tundu, na dawa ilipopanda mkononi nikamwambia azuie pumzi. Kwenye spika hapakuwa na chochote ila mashine. Picha ya hatua ya kwanza ikafunguka, ini limekatwa safi, na pembeni ya lile doa, lililokuwa halijakua hata kidogo, vifundo vidogo vya mwanga vilikuwa vinaanza kuwaka. Mwenzangu alikuwa amekwisha sogeza kikombe.

Picha zote zilipokwisha, nilipita varandani bila kuwatazama wale vijana, nikaenda kumwambia mama.